Kununua kuku Arusha: mshike kwanza, bei mtaongea baadae

Watu wakija kuniuliza kwa nini mchuzi wa kuku wao hauna ladha wanategemea niwatajie kiungo, sijui binzari gani, sijui unakaanga kitunguu mpaka kifikie rangi gani. Mi huwa nauliza kuku mwenyewe ulimtoa wapi na je ulimshika kabla hujalipa? Wengi hawakumshika. Walimuona ananing'inia miguu juu kichwa chini, manyoya ya rangi rangi, jamaa akasema mama huyo ni kienyeji pyua katoka Singida jana usiku, wakatoa hela wakaondoka. Sasa hapo unategemea tangawizi ikuokoe?

Mi napika kwenye shughuli, yaani kipaimara, sendofu, misiba, hata vile vikao vya harusi vya jioni ambavyo watu wanakula kuliko harusi yenyewe, na huku kwetu ukiandaa shughuli bila kuku kamati haikuelewi. Kwa hiyo kuku wamepita mkononi mwangu wengi tu. Alafu nyumbani nina mama mkwe wa Kimeru, anaishi juu huko ukitokea Tengeru, ambaye akionja mchuzi kijiko kimoja anakuambia kuku alikuwa na maisha gani. Kuna siku nilimpelekea kuku niliyejisifia njia nzima, akala taratibu, akasema "mwanangu, huyu alikuwa hatembei." Basi. Hakuongeza neno na hakukosea, maana nilipomuuliza aliyeniuzia akakiri alikuwa kuku wa bandani.

Na hapo ndo penyewe. Ladha ya kuku inatoka kwenye umri wake na mwendo wake, vingine vyote vinafuata. Kuku aliyeishi miezi sita au saba anachakura, anakimbizwa na mbwa, anaparamia migomba, anakula majani na wadudu na punje za mahindi zilizomwagika, misuli yake imefanya kazi na msuli uliofanya kazi ndo wenye ladha. Angalia hata kwenye kuku mmoja, paja lina ladha kuliko kidari na nyama yake imekolea rangi zaidi, kwa sababu paja linabeba mwili kutwa nzima wakati kidari cha ndege asiyeruka kipo kipo tu. Broila yeye anachinjwa wiki ya tano au ya sita, ni mtoto mwenye mwili wa mtu mzima, nyama yake laini sawa lakini ladha haijapata muda wa kuingia. Ila sasa umri huohuo unaoleta ladha ndo unaoleta ugumu, zile nyuzi zinazoshikilia misuli zinakomaa kadri kuku anavyozeeka, kwa hiyo ukikimbilia ladha tu bila kujua unaenda kupika nini utajikuta saa nne usiku bado unaongeza mkaa na wageni wanasinzia.

Ndo maana bibi mmoja ninayenunua kwake Tengeru ananipenda na mi nampenda. Tengeru soko kubwa ni Jumatano na Jumamosi, mimi napenda kuwahi asubuhi wakati akina mama wanashuka na kuku wao wawili watatu kutoka nyumbani, kabla madalali hawajawakusanya wakawajaza kwenye matenga. Nikifika, "shikamoo bibi," "marahaba mwanangu, leo unampikia nani?" Hilo ndo swali lake la kwanza, wala haongelei bei. Siku moja nikamwambia nina wageni kutoka Dar, wanataka mchuzi mzito na wali. Nilikuwa tayari nimeshamkodolea macho jogoo mmoja mwekundu, mkubwa, mkia unang'aa, kila anayepita anageuka kumwangalia. Bibi akacheka, akasema achana na huyo, huyo utamchemsha mpaka umchukie.

Akamgeuza yule jogoo akanionyesha mguuni, ule mwiba wa nyuma ulikuwa mrefu, umechongoka na umeanza kupinda kwenda juu. Jogoo kijana mwiba wake ni kanundu tu, ukikapapasa hata hakachomi. Na magamba ya miguu, kwa mzee yamekauka, yamenyanyuka, makavu makavu, kwa kijana yamelala na ni laini. Alafu akanipa mtetea mmoja wa madoadoa, wa kawaida kabisa, hana sura ya kupigwa picha, akauchukua mkono wangu akauweka kifuani kwa kuku akasema shuka na mfupa mpaka mwisho, bonyeza. Ule mfupa wa katikati ya kidari, ncha yake ya chini kwa kuku ambaye hajazeeka inapinda kidogo ukiibonyeza, kama ncha ya sikio, kwa mzee imeshakuwa mfupa kamili na haisogei. Ya yule mtetea ilipinda. Na pembeni ya mfupa pande zote mbili nyama ilikuwa imejaa, haikuacha mfupa umesimama peke yake kama kisu. Kuku ambaye mfupa wa kidari umesimama peke yake amekonda au anaumwa, na manyoya yanakudanganya kweli hapo, ndo maana nasema mshike.

Akapuliza manyoya ya kifuani yakafunguka, ngozi ikaonekana, safi, haina vidonda wala wekundu, na chini ya ngozi unaona umanjano wa mafuta. Hapo kwenye umanjano nitoe tahadhari, watu wanaamini ngozi ya njano ni uhakika wa kienyeji, hapana. Ile rangi inatoka kwenye chakula, majani na mahindi ya njano, na hata kuku wa bandani akilishwa vitu vyenye hiyo rangi anakuwa wa njano, na kienyeji aliyekula pumba za mahindi meupe tu anaweza kuwa amepauka na bado ni mtamu. Mimi rangi naiangalia ila siiamini peke yake.

Baada ya hapo unakagua afya, hii haichukui hata dakika. Macho yawe makavu na yanakufuata, pua isiwe na makamasi, upanga wa kichwani uwe mwekundu usiwe umekwenda kwenye zambarau, nyuma chini ya mkia pawe pakavu, pakiwa na uchafu wa kijani au mweupe uliogandia mrudishe hapohapo. Mabawa yasining'inie. Gole nalo, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, lishike, ukikuta punje ngumu kala mahindi asubuhi hakuna shida, ukikuta pamejaa kitu laini kinachobonyea na mdomoni kuna harufu ya uchachu huyo hayuko sawa. Na wapo wauzaji wanaowashindilia ugali alfajiri ili ukimnyanyua umuone mzito, sio wengi ila wapo, gole ndo linawaumbua.

Sasa tuje mjini. Ukienda masokoni mjini utakutana na kuku wa kila aina na wote jina lao moja. Kuna chotara, hao akina Kuroiler waliotokea India na Sasso wa Ufaransa, wana rangi rangi kama wa kienyeji ila miguu minene, mwili mkubwa, na kwa miezi mitatu minne tu anafika kilo mbili na kuendelea. Mimi sina ugomvi na chotara, akilelewa nje akaachiwa mpaka miezi mitano hivi anatoa mchuzi mzuri na nyama ya kutosha, kwenye shughuli ya watu wengi ndo ananibeba maana kienyeji wa kilo moja na robo ukimgawa watu hawaoni kitu kwenye sahani. Ugomvi wangu ni kuuziwa chotara kwa bei ya kienyeji wakati mfukoni mwangu tofauti yake ni elfu kumi au zaidi kwa kuku mmoja, zidisha kwa kuku hamsini.

Alafu kuna wale wa mayai waliochoka kutaga. Hawa ndo wanaopitishwa sana kama kienyeji. Utawajua, wote rangi moja ya kahawia, tenga zima utadhani wamezaliwa na mama mmoja, upanga mkubwa umelala upande, shingoni na mgongoni manyoya yamekatika, na angalia mdomo aisee, mdomo ncha imekatwa butu, maana wafugaji wengi wa mayai wanawakata mdomo wakiwa wadogo ili wasidonoane bandani. Kienyeji wa bibi yupi ana mdomo uliokatwa? Muuzaji ukimuonyesha hilo anacheka tu anakwambia basi dada tuongee vizuri.

Ila sikilizeni, mimi hao nawanunua, tena nawafuata kwa makusudi. Ana mwaka na nusu au zaidi, ana mafuta ya njano tumboni ya kumwaga, bei yake nafuu, na kwa supu sijaona anayemshinda kwa hela ileile. Unamuanzisha kwenye maji ya baridi, moto mdogo, kitunguu, tangawizi, chumvi, unamsahau. Supu inakuja na macho ya mafuta juu na ladha ya kuku kweli. Nyama yake ndo utaichambua chambua, usimpe mgeni akaing'ang'anie. Kwa hiyo mtu akikuuzia huyo kwa bei yake na kwa jina lake amekusaidia.

Broila nao kuna wa maana na wa ovyo, usiseme broila ni broila tu. Mi nanunua kwa wafugaji wa mtaani kuliko dukani na naomba kuingia bandani. Ukiingia harufu ikakuchoma macho, ujue maranda yamelowa na hayajabadilishwa, na ushahidi utauona kwenye kuku mwenyewe hata akishanyonyolewa, pale kwenye kiungo cha mguu kunakuwa na alama nyeusi au kahawia kama pameungua, na chini ya unyayo vidonda. Ni ule mkojo na kinyesi kilicholowesha maranda vinawaunguza wakilala. Hata kwa kuku wa friji mwenye miguu unaweza kuangalia hiyo alama. Namuuliza mfugaji pia chakula cha mwisho alikuwa anawapa nini, maana wakilishwa dagaa wengi mpaka siku ya kuchinjwa nyama inanuka samaki, hiyo harufu huitoi kwa limao wala kwa nini. Na dawa, kama amewapa antibayotiki kuna siku za kusubiri kabla ya kuchinja, zimeandikwa kwenye pakiti yenyewe, mfugaji wa kweli anakutajia bila kukasirika na yule anayeanza kujing'ata ng'ata mimi nasalimia naondoka. Swali lingine vifaranga alitoa wapi. Sisi tuko karibu na mpaka, mtakumbuka Oktoba 2017 pale Namanga serikali iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kwa hofu ya mafua ya ndege, watu waliongea sana wengine waliona ukatili, mimi nilichochukua ni kwamba vifaranga vya njia za panya vipo na hujui vimebeba nini.

Kitu ambacho kimenisaidia sana kwenye broila ni kuelewana na mfugaji awaachie kuku muda zaidi. Namwambia hawa ishirini usiwauze wiki ya tano, nifikishie wiki ya nane, chakula cha hizo wiki za ziada nalipa mimi. Bei inapanda ndio lakini nyama inakaza na unaanza kusikia kuku mdomoni. Tena nachagua wa saizi ya kati, wale mijibaba iliyokua kwa fujo wakati mwingine kidari kinakuwa kigumu chenye mistari meupe, ukikibonyeza kibichi unahisi ubao, ukikitafuna kinalia krachu krachu. Kwa kukaanga na kuchoma broila mzuri simkatai hata kidogo, kuku wa chipsi akiwa kienyeji wateja watakurudishia sahani.

Aliyechinjwa tayari ndo pagumu zaidi kwa sababu ushahidi mwingi umeshaondoka na manyoya. Hapo angalia shingo. Kuku aliyechinjwa akiwa hai ngozi ya pale palipokatwa inajivuta, kingo zinakuwa hazijalingana, na damu imetoka mwilini kwa hiyo ngozi ni safi. Kibudu, yaani aliyekufa mwenyewe alafu akapitishwa kisu kuficha aibu, mkato wake umenyooka vizuri mno, na ngozi ina wekundu au ubluu, mishipa ya damu inaonekana kwenye mabawa na mapajani. Kipindi cha mdondo, ule ugonjwa wa kuku, wanakufa kijiji kizima kwa siku chache, na ghafla kienyeji waliosafishwa wanajaa na bei imeshuka, mimi kipindi hicho nanunua mzima tu nichinjiwe naona. Wa friji naye, ukikuta kwenye mfuko kuna barafu nyekundu imejikusanya chini huyo aliyeyuka akagandishwa tena, na ukikuta mabaka meupe makavu kwenye ngozi amekaa sana. Muache hapo hapo.

Ukishamnunua mzima usimharibu mwenyewe. Kuku aliyening'inizwa juani kutoka Tengeru juu ya keria, akafika akachinjwa palepale akiwa anahema, nyama yake inakuwa ngumu na haina raha. Mi namfungua miguu, namuweka kivulini, maji anapewa chakula hapewi, analala, asubuhi tumbo liko jeupe anachinjwa. Maji ya kunyonyolea yasiwe yanatokota, ngozi itachanika na itaiva kabla, yawe ya moto wa kuunguza mkono tu. Vimanyoya vya mwisho unambabua kwenye moto na hapo ndo inakuja ile harufu, mtu akikuletea kienyeji ambaye hajababuliwa kakuibia nusu ya raha. Alafu mwache masaa machache mahali pa baridi kabla ya kupika au kugandisha, ule ugumu wa mwili baada ya kufa unaachia wenyewe. Na ubao uliokatia kuku usikatie kachumbari kabla hujauosha na sabuni, nimeshaona kamati nzima inaumwa tumbo.

Wageni wangu wa Dar wale sasa. Mmoja ni wifi, mpishi mzuri tu, alisimama jikoni kwangu akasema kuku wenu huku wagumu, kwangu saa moja na nusu anaiva. Nikamwambia wifi sio kuku, ni mlima. Arusha tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka yakiwa na joto la kama nyuzi 95 wakati kwao pwani ni 100, sufuria inatokota kwa fujo lakini moto wenyewe haujafika. Kwa hiyo kienyeji anayeiva Dar kwa saa moja na nusu huku mpe mbili na zaidi, au tumia presha kuka ambayo inaondoa huo utofauti. Aliyekomaa sana mpake papai bichi lililosagwa masaa kadhaa kabla, linalainisha kweli, ila usilale nalo maana nyama inageuka uji. Yule mtetea wa madoadoa aliiva vizuri, wifi akarudia mchuzi, akataka namba ya bibi.

Namba sikumpa, nilimwambia bibi hana simu. Anayo. Desemba inakuja jamani, Wachaga wa nchi nzima wanapanda Moshi, Wameru na Waarusha wanarudi majumbani, kuku aliyekuwa elfu ishirini na tano Novemba wiki ya Krismasi anaombewa arobaini na bado ni yule mbovu aliyekataliwa na wenzako asubuhi. Mimi sinunui Desemba. Naacha advansi kwa bibi mapema, anawatenga, anawaongezea mahindi jioni, na mimi napanda kuwachukua kabla ya vurugu. Mwaka huu nimeagiza mitetea mitupu, na jogoo mmoja tu mzee mwenye miiba mirefu, huyo ni wa baba mkwe, anasema meno yake bado yapo na hataki kudharauliwa.